Kiti Kisicho na Amri: Yaliyonipata Nilipokuwa Mlezi wa Chama, Lamu

Kijana alikuja baada ya magharibi, akasimama mlangoni, akakataa kukaa. Alikuwa ameshika daftari la shule lililoviringishwa ndani ya kipande cha turubali, kama watu wa baharini wanavyohifadhi karatasi zao. "Ami," akaniambia, "mama asema usome wewe mwenyewe." Mama yake alikuwa ndani ya eda. Mumewe, nahodha niliyemjua tangu utotoni, tulikuwa tumemzika siku kumi na moja nyuma.

Nikavaa miwani. Kila mstari ulikuwa na tarehe, shilingi 200, na sahihi ndogo ya karani wa tawi lao la chama chetu cha manahodha na wenye vyombo. Nikahesabu wiki moja moja. Ile miezi minne ambayo ofisi yetu ilisema marehemu hakulipa chochote, alikuwa amelipa yote, hata zile wiki za mwisho aliposhindwa kuinuka kitandani, mwanawe akawa ndiye anayepeleka. Pesa zilipokelewa tawini zikakwama huko huko. Na orodha ya waliofutwa uanachama niliitia sahihi mimi. Niliitia nikiwa barazani, watu wanazungumza, gilasi ya chai nimeiweka juu ya karatasi ile ile isipeperushwe na upepo. Familia ilinyimwa shilingi 40,000 za msiba kwa sababu ya jina langu chini ya karatasi ambayo sikuisoma.

Naandika haya kwa yeyote aliyeombwa kukaa kwenye kiti cha heshima: mlezi wa chama, mwenyekiti wa heshima wa madrasa, mzee wa klabu ya mashindano ya mashua. Ni kiti kinachotolewa kwa mapenzi na kupokelewa kwa mapenzi, kisha hakuna anayekwambia kinafanyaje kazi. Mimi nilikosea kwa njia mbili zinazopingana kabla sijapata wa kunionyesha. Aliyenionyesha alikuwa ameshafariki, na hakuwa mtu wa huku. Ni K. R. Narayanan, mwanadiplomasia aliyekuja kuwa Rais wa India.

Nilivyoingia ni hivi. Nilifanya kazi za ubalozi miaka thelathini na moja, kwanza karani, mwisho ofisa wa itifaki. Mara ya mwisho kuwa nje ilikuwa Delhi, kuanzia 1996 hadi 2000. Kazi ile humfundisha mtu kubeba maneno ya mwenziwe bila kuyaongeza wala kuyapunguza. Niliporudi Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, kwa pensheni nilidhani elimu hiyo imekwisha kazi.

Chama chetu kilizaliwa katika dhiki. Wageni walianza kupungua tangu utekaji wa 2011. Baada ya mashambulizi ya 2014 ikaja amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wa usiku wakafungiwa bahari. Mashua zilikaa juu ya matope wiki baada ya wiki. Manahodha na wenye vyombo wakaanzisha mfuko: kila mmoja shilingi 200 kwa wiki, mgonjwa atazamwe, chombo kilichopasuka kitengenezwe, maiti izikwe kwa heshima. Mwaka 2016 walinijia watu watatu baada ya alasiri, wamebeba halua, wakasema wanataka mlezi, mtu mzima asiye na chombo na asiye na upande. Nilikubali kabla kahawa haijapoa.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, na ni dogo kiasi kwamba hulioni. Sikuomba katiba ya chama. Ilikuwa kurasa sita tu, imepigwa chapa, ingenichukua nusu saa. Ukiombwa kiti kama hiki, iombe kabla hujasema ndiyo, na utafute mahali panapokutaja wewe. Yaangalie maneno mawili: sahihi yako inahitajika wapi, na ukikataa kuitoa kunatokea nini. Kama katiba haisemi, waambie waandike kwanza.

La pili ni pesa, nalo nitalipita upesi kwa kuwa linaumiza lakini haliui. Mlezi huitwa kila harusi, kila hitima, kila Maulidi, na haendi mikono mitupu. Mwaka wa kwanza nilitoa zaidi ya shilingi 70,000 kutoka kwenye pensheni, nyingine bila kumwambia mke wangu, jambo ambalo nalijutia kuliko pesa zenyewe. Jipangieni kiasi cha mwezi nyote wawili nyumbani. Kikiisha, nenda na dua.

Turudi kwenye daftari. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilichukua shilingi 40,000 zangu mwenyewe nikampa mke wangu ampelekee mjane. Zilirudi kabla ya adhuhuri, na maneno yake yakaja nazo: hataki sadaka, anataka jina la mumewe lirudi kwenye kitabu. Nikaona aibu upya. Nilikuwa nimefikiri deni langu kwake ni la pesa.

Na aibu ile ikanipeleka kwenye kosa la upande wa pili. Ijumaa baada ya sala, mbele ya watu, nilimwita mweka hazina nikamwambia kufikia Jumapili alipe familia na alete vitabu vyote nyumbani kwangu. Jioni nikatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la wanachama nikimtaja kwa cheo chake. Sikumuuliza kitu. Ukweli, niliokuja kuujua baadaye, ni kwamba yeye naye alikuwa hajazipokea pesa zile kutoka tawini. Alikuwa hana kosa. Jumamosi alileta funguo za kabati akaziweka juu ya baraza yangu, akaondoka bila kusema.

Akaunti ya benki ilihitaji sahihi yake. Wiki saba mfuko haukutoa hata senti. Mashua mbili zilizokuwa zikingoja mbao na kalafati zilibaki pwani Desemba yote, wageni wachache waliokuwepo wakapanda vyombo vingine, na wenye mashua hizo walikuwa wakipita mbele yangu wakinisalimu kwa adabu ile ile, nami nikitamani wanitukane.

Kikao cha dharura kiliitwa. Katibu ni kijana mpole. Alisimama, akasema, "Mzee wetu, kwa idhini yako," akasoma kifungu: mlezi hatatoa amri kwa ofisa yeyote wa chama. Akakisoma mara moja tu, akakaa. Watu sitini walikuwa wakitazama mkeka. Nilirudi nyumbani kwa vichochoro vya nyuma nisikutane na mtu.

Mke wangu alinipa maji, akaniacha mpaka nikatulia, kisha akasema: "Siwa ilikuwa na siku zake. Ingepigwa kila siku, nani angetoka mlangoni kuisikiliza?"

Kwa asiyejua, siwa ni baragumu kubwa la fahari. Ile ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe za ndovu. Haikuwa silaha wala haikutoa hukumu. Lakini shughuli kubwa ya waungwana isiyokuwa na sauti yake ilipungukiwa na kitu ambacho watu wote walikijua. Nililala na maneno hayo ya mke wangu, na nilipoamka nilikuwa nikikumbuka foleni.

Foleni yenyewe niliiona Delhi tarehe 16 Februari 1998, kwenye televisheni ya ofisi. Ilikuwa siku ya uchaguzi wa Bunge. Rais Narayanan alikwenda kwenye kituo kilichokuwa ndani ya eneo la ikulu, akasimama kwenye mstari kama mwananchi yeyote, akapiga kura. Hakuna Rais wa India aliyekuwa madarakani aliyewahi kupiga kura katika uchaguzi mkuu kabla yake. Waliomtangulia waliona kwamba mkuu wa nchi asiyeegemea upande haonyeshi kura. Wafanyakazi wenyeji wa ofisini walibishana mchana kutwa. Mimi, mtu wa itifaki, niliudhika: itifaki yote niliyosomeshwa inasema mkuu wa nchi hapangi mstari. Miaka karibu ishirini baadaye, nikiwa nimefedheheka kwenye mkeka Langoni, ndipo nilipoanza kujiuliza yule mzee alikuwa akifanya nini pale. Hakuwa amevunja sheria. Hakutoa amri kwa mtu. Alifanya jambo moja ambalo kiti chake kilimruhusu, na nchi nzima ikaliona.

Nikaanza kuyasoma maisha yake kwenye simu, kila usiku baada ya isha.

Alizaliwa Uzhavoor, kijiji cha Kerala, jimbo lililo kwenye pwani ile ya Malibari ambako rubani aliyepatikana Malindi alimfikisha Vasco da Gama mwaka 1498. Familia yake ilikuwa ya watu ambao tabaka za juu ziliwahesabu najisi, wanaoitwa leo Dalit. Baba yake alikuwa mganga wa miti shamba. Mtoto alitembea kilomita kama 15 kwenda shule, akipita mashamba ya mpunga, na mara nyingi karo ilipochelewa alizuiwa kuingia darasani, akalisikiliza somo akiwa amesimama nje. Vitabu hawakuwa navyo. Kaka yake, aliyefungwa nyumbani na pumu, aliviazima kwa wanafunzi wengine akavinakili kwa mkono, ili mdogo wake asome. Hata tarehe yake ya kuzaliwa, 27 Oktoba 1920, ilitolewa na mjomba siku ya kuandikishwa shule kwa kuwa hakujua siku yenyewe, na ikabaki hivyo serikalini maisha yake yote. Wangapi wa rika langu hapa Lamu tuna tarehe mosi Januari kwenye kitambulisho! Niliposoma hapo nilimwona mtu wa nyumbani.

Alishika nafasi ya kwanza katika shahada ya Kiingereza, akafanya uandishi wa habari kidogo na hata kumhoji Gandhi mwaka 1945, kisha akapata ufadhili wa J. R. D. Tata, tajiri wa viwanda, kwenda London kusoma siasa kwa Profesa Harold Laski. Alipomaliza masomo, Laski alimpa barua ya kumpelekea Waziri Mkuu Nehru. Mwenyewe alisimulia ilivyokuwa. Aliingia, wakazungumza mambo ya London, na alipohisi muda umekwisha aliaga, akaikabidhi ile barua, akatoka. Alikuwa amefika nusu ya ukumbi wa mviringo aliposikia makofi nyuma yake. Akageuka, akamwona Nehru anamwita kwa mkono. Alikuwa ameifungua barua akaisoma, na akamuuliza kwa nini hakuitoa mapema. Mwaka 1949 akaingia utumishi wa mambo ya nje.

Kisa hicho nimekirudia mara nyingi. Nimekutana na vijana wengi wenye barua za wakubwa, na mimi nilikuwa mmoja wao: barua hutangulia, mtu hufuata. Yeye alijiweka mbele yeye mwenyewe kwanza, na karatasi ikaja mwisho. Kwa hiyo karatasi ilikuwa na uzito. Mimi kwenye chama nilianza na cheo na sauti ya WhatsApp, na maswali sikuwahi kufika.

Alihudumu Rangoon, Tokyo, London, Canberra na Hanoi. Huko Rangoon, nchini Burma (leo Myanmar), alikutana na Ma Tint Tint, na kwa kuwa kanuni zilimzuia mtumishi wa mambo ya nje kuoa mgeni, ilibidi Nehru atoe ruhusa maalumu. Walioana Delhi mwaka 1951, na bibi akachukua jina la Usha. Baadaye akawa balozi Thailand na Uturuki. Mwaka 1976 alipelekwa China, balozi wa kwanza wa India huko baada ya nchi hizo mbili kukaa kiasi cha miaka kumi na mitano bila kupelekeana mabalozi. Kuanzia 1980 hadi 1984 alikuwa Washington. Mtu aliyekaa kwenye mji ambao serikali mbili zimenuniana muda wote huo anajua kupima neno. Anajua pia kwamba karatasi ndogo iliyoandikwa vizuri huweza kufika mahali ambapo kelele haifiki.

Kisha ikaja siasa: ubunge wa Ottapalam kuanzia 1984, Makamu wa Rais mwaka 1992, na tarehe 25 Julai 1997 akaapishwa Rais, wa kwanza kutoka kwa Dalit, akiwa amepata kiasi cha asilimia 95 ya kura za wabunge wa taifa na wa majimbo. Mtoto aliyesikiliza somo kutoka nje ya mlango akaingia kwenye jumba la vyumba 340.

Lakini aliingia kwenye kiti gani? Hapa ndipo mwenye cheo cha heshima atege sikio. Rais wa India ana jeshi kwa jina, serikali kwa jina, sheria zote hupita kwa sahihi yake, na kifungu cha 74 cha Katiba kinamtaka afuate ushauri wa Baraza la Mawaziri. Amri hana. Ila marekebisho ya mwaka 1978 yalimwachia upenyo mmoja: anaweza kulitaka Baraza lifikirie tena. Likishafikiri na kumrudishia ushauri ule ule, hana budi kuufuata. Mara moja, basi.

Oktoba 1997, miezi mitatu tu tangu aapishwe, serikali ya Waziri Mkuu Gujral ilimletea pendekezo la kuivunja serikali ya jimbo la Uttar Pradesh baada ya fujo bungeni mwao. Sahihi yake ilikuwa ikingojwa kama yangu ilivyongojwa na gilasi ya chai. Aliirudisha karatasi wafikirie tena. Mawaziri wakafikiri, wakaliacha. Septemba 1998 serikali ya Waziri Mkuu aliyefuata, Vajpayee, ikaleta pendekezo kama hilo kuhusu jimbo la Bihar. Akalirudisha vile vile. Lakini Februari 1999, baada ya mauaji ya watu wa Dalit jimboni humo, serikali ikalileta mara ya pili, na safari hii alitia sahihi. Utawala ule haukutimiza mwezi; serikali iliona haitapata kura katika Baraza la Juu la Bunge, ikauondoa yenyewe.

Watu humsifu kwa Uttar Pradesh. Mimi nilikaa zaidi na Bihar. Kurudisha karatasi ni raha, mtu hujiona shujaa. Kuitia sahihi ilipokuja mara ya pili, kwa kuwa ndivyo kiti kilivyo, hiyo ndiyo sehemu ambayo mimi singeiweza siku ile ya Ijumaa. Nilitaka kushinda. Yeye alitaka wafikiri.

Aliulizwa kuhusu kuwa mhuri wa mpira tu, akajieleza kuwa Rais anayefanya kazi, ndani ya mipaka ya Katiba. Na ndani ya mipaka hiyo alijua kusema. Machi 2000, kwenye karamu ya kumkaribisha Rais Clinton, aliyanukuu maneno ya kiongozi mmoja wa Kiafrika kwamba dunia kuwa kijiji kimoja haimaanishi itaongozwa na mzee wa kijiji mmoja. Januari mwaka huo huo, serikali ilipokuwa ikizungumzia kuipitia upya Katiba, aliwauliza wabunge kama ni Katiba iliyowaangusha wao au ni wao walioiangusha Katiba. Ni swali tu. Sijaona hotuba ya amri iliyodumu kama swali lile.

Wala nisimfanye malaika. Mwaka 2002, watu walipokuwa wakiuawa kwenye ghasia za jimbo la Gujarat, alimwandikia Waziri Mkuu barua na kuzungumza naye, na watu waliendelea kufa. Kiti chake hakikuwa na zaidi ya hapo, na baadaye, alipokuwa nje ya madaraka, alilizungumza jambo hilo kwa uchungu. Alifariki tarehe 9 Novemba 2005. Nikisoma sehemu hiyo hufunga simu kwa muda. Anayekaa kiti cha heshima ajue kwamba itakuja siku ataona ubaya waziwazi, na atakachokuwa nacho ni karatasi na kalamu.

Nikaanza kujirekebisha. Kwanza nilikwenda kwa mweka hazina. Nilikwenda kwa miguu, mchana, kwa njia ya mbele, watu wote wanione. Nikamwomba radhi mbele ya ndugu zake, kisha Ijumaa nikamwomba radhi pale pale nilipomvunjia heshima. Ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi chumbani. Alirudi kazini wiki iliyofuata. Jina la marehemu lilirudishwa kitabuni kwa azimio la kikao, na mjane akapokea haki yake miezi mitano baada ya msiba. Alizipokea mwenyewe, akazihesabu, akatia kidole.

Kisha nikaomba mambo mawili yaandikwe kwenye katiba yetu, nayo yalipita. Karatasi ya kutiwa sahihi inifikie siku tatu kabla, pamoja na kumbukumbu za kikao kilichoamua. Na mlezi aweze kuirudisha mara moja, kwa maandishi, kamati ifikirie tena; ikija mara ya pili atie sahihi. Wengine walidhani najiongezea madaraka. Katibu ndiye aliyewaeleza kwamba ninajifunga.

Mara ya kwanza kuutumia upenyo ule ilikuwa 2018. Kamati iliamua mchango upande kutoka 200 hadi 350 na atakayekosa wiki sita afutwe. Niliandika nusu ukurasa. Hapakuwa na lawama ndani yake, maswali matatu tu: wangapi walichelewa zaidi ya wiki sita msimu wa kusi uliopita, bahari ilipochafuka? Wangapi kati yao walilipa baadaye? Na mgonjwa atajulikanaje kuwa ni mgonjwa kabla hajafutwa? Nikabakisha nakala. Sikumwambia mtu yeyote barazani, wala msikitini, wala mke wangu mpaka ilipokwisha. Hili ni gumu kuliko kuandika, maana mji wetu ni mdogo na kila mtu hukuuliza. Ukiitoa nje kabla kamati haijafikiri, umeshaifanya vita, na anayebadili mawazo atahesabiwa kuwa ameshindwa. Siku ya nne katibu alinijia: walipokwenda kuhesabu, waliochelewa walikuwa karibu nusu ya chama, na wengi walikuwa wamelipa. Azimio likaachwa.

Usiulize swali ambalo jibu lake ni "ndiyo tumekosa". Uliza linalowalazimisha kufungua kitabu.

Mara ya pili ilikuwa 2019, nayo ndiyo Bihar yangu. Kamati kuu iliamua kulivunja tawi lile lile ambako pesa za marehemu zilikwama. Mwenyekiti wa tawi ni mtoto wa khalati yangu, tumelelewa ua mmoja, tumefundishwa kuogelea na mtu mmoja. Nilirudisha karatasi, nikiuliza kama wamemsikiliza. Naapa niliuliza kwa haki, ingawa moyoni nilitumaini wataacha. Wakamwita, wakamsikiliza saa mbili, wakaandika aliyoyasema neno kwa neno. Kisha wakaniletea tena, na safari hii pamoja na vitabu vya tawi vya miaka mitatu. Nilivisoma siku zote tatu. Makosa yalikuwa mengi. Wizi sikuuona, nilichoona ni uzembe wa mtu aliyezoea kwamba hakuna anayeuliza.

Alikuja kwangu usiku wa kuamkia siku ya sahihi. Akaniambia, "Kakangu, wewe ukikataa wataogopa." Nikamwambia sina uwezo wa kukataa mara ya pili, na kwamba mimi ndiye niliyeomba iandikwe hivyo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

Asubuhi niliondoa kila kitu juu ya meza, nikaisoma karatasi mwanzo hadi mwisho, nikatia sahihi. Tawi lilichagua viongozi wapya baada ya miezi mitatu. Yule kijana wa daftari ndiye karani wao sasa. Kila Jumatatu huniletea nakala ya makusanyo, ingawa katiba haimlazimishi.

Mtoto wa khalati yangu hupita mbele ya baraza yangu karibu kila alasiri akienda gatini. Huitikia salamu, kwa kuwa ni wajibu, lakini hasimami.